Matundu sita, risasi tano: rivolva ya zamani ya .22 kando ya ziwa

Rivolva ndogo ya .22 (kipenyo cha risasi, kwa inchi), ile ya kukoki, yaani kuvuta nyundo nyuma, kwa dole gumba kila risasi, kama Single-Six ya mwaka 1953 au Bearcat ya 1958 za kampuni ya Ruger ya Marekani, haichakai upesi kwa kupigwa. Kinachoiua ni mazoea mabaya ya mwenyewe na, kwa sisi wa Mwanza, unyevu wa ziwa. Tunazungumza na mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayelenga shabaha panaporuhusiwa. Kama umeirithi na karatasi zake hazipo, anzia polisi.

Jambo la kwanza ni nyundo. Katika matoleo ya zamani, nyundo ikilala, pini hugusa ukingo wa kitako cha ganda, na humo ukingoni ndimo fataki, kilipuzi kinachowasha baruti, ilimo. Bastola ikidondoka mwambani kwa nyundo, italia. Ruger waliongeza kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa, lakini ni kwenye Single-Six za kuanzia 1973 na Bearcat za kuanzia 1993. Za nyuma yake hazina, labda kama ziliwahi kurudishwa kiwandani zikabadilishwa.

Kwa hiyo matundu sita, risasi tano. Mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea kwenye tuta la udongo, vuta nyundo hadi nusu, fungua mlango wa pembeni, weka moja, ruka moja, weka nne mfululizo. Funga mlango, koki hadi mwisho, kisha ushikilie nyundo na kuilaza taratibu. Tundu tupu litakuwa limekaa mbele ya pini. Rudia zoezi hilo kwa maganda yaliyokwisha kupigwa mpaka mkono uzoee, ndipo uguse risasi hai. Na nyundo ya nusu si kufuli: meno yake ni membamba, yakivunjika hakuna kinachoizuia.

Usiifyatue ikiwa tupu. Ukingo wa ganda usipokuwepo, pini inapiga chuma cha silinda na kukibonyeza. Baada ya muda risasi zinaingia kwa shida, nyingine hazilii kabisa, na mwenyewe analaumu risasi. Fundi wa silaha mwenye kibali anaweza kurudisha chuma mahali pake kwa kifaa maalumu. Usijaribu kwa tupa.

Risasi zenyewe zinachanganya watu. Fupi (.22 Short), ya mwaka 1857, inaingia katika silinda ya ndefu ya kawaida (.22 Long Rifle), ya 1887, ila huacha pete ya masizi ndani ya tundu, na ndefu zikifuata zinakwama. Safisha kabla ya kubadili. Magnum ni nyingine kabisa: ganda lake ni nene zaidi, na ndefu ya kawaida ikipigwa katika silinda ya magnum, ganda huvimba au kupasuka. Kwa bastola ya zamani chagua risasi za kasi ya kawaida. Bastola za karne ya 19, za enzi ya baruti nyeusi, ziache ziwe za kutazamwa tu.

Risasi isipolia, iache bastola imeelekea kwenye shabaha kwa sekunde 30 kabla ya kufungua mlango. Ikitoa mlio hafifu, acha papo hapo, toa risasi zote, pitisha ufito mtutuni: huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani, na inayofuata itapasua mtutu. Vidole visikae kando ya silinda. Kwenye mwanya wake na mtutu hutoka gesi moto na vipande vya risasi.

Mwanza ni jiji la miamba, na hapa ndipo wengi wanakosea. Risasi ya .22 ikipiga mwamba hurudi au huchepuka, na ikipiga maji kwa pembe ndogo huruka juu yake. Inaweza kufika zaidi ya kilomita 1, kwenye mitumbwi ya watu. Tuta la udongo lisilo na mawe, mita 10 hadi 15 mbele yako, ndilo linalofaa.

Kusafisha: hakikisha matundu yote ni matupu, vuta nyundo nusu, fungua mlango, bonyeza kizuizi, chomoa ekseli, silinda itatokea upande wa kulia. Mafuta ya taa na brashi ya shaba ya saizi ya .22 vinatosha. Ufito huingilia mdomoni, basi uongoze kwa vidole usikwaruze ukingo. Ukingo ulioliwa huharibu shabaha. Maliza kwa tone la mafuta ya silaha kwenye ekseli, na pangusa chuma chote. Mafuta ya kupikia hugeuka gundi. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, kwa sababu ya madini ya risasi.

Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na wakati wa masika kutu hujitokeza kwa vidoa vyekundu pale ngozi ilipogusa. Iweke tupu kwenye kasha la chuma lenye kufuli, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, risasi zikae kasha jingine, na kila wiki mbili ipanguse kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hata kama haijapigwa.