Mlingoti wa Kupima Upepo Ukifika Shambani Kwako

Kampuni ya umeme wa upepo haiji na mitambo. Huja kwanza na mlingoti mwembamba wa chuma wa mita 60 au 80, uliofungwa kwa nyaya kila upande, na juu yake vikombe vidogo vinavyozunguka mchana na usiku. Utaambiwa ni wa kupima tu. Nimefanya kazi miaka kadhaa ya kuwakutanisha wawekezaji na wenye mashamba huku Kajiado, baadaye nikahamia upande wa wenye mashamba, na nina jambo moja ninalomwambia kila anayeniita: karatasi ya kupima ndiyo mkataba wenyewe. Ukishatia sahihi pale, mengi ya yatakayofuata yameshaamuliwa.

Mara nyingi karatasi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kurasa za mwanzo zinazungumzia mlingoti, ulinzi wake na pesa kidogo za kila mwaka. Ukiendelea ndani ndipo unakuta kifungu kinachoipa kampuni haki ya kukodi shamba lako lote ikipenda, kwa miaka 20 na zaidi, kwa masharti yaliyokwisha kuandikwa. Wewe huna haki ya kukataa wakati huo. Ulishakubali.

Nilikaa na mama mmoja mjane nikimsomea karatasi ya namna hiyo, kifungu baada ya kifungu, kwa Kiswahili. Tulipofika mahali palipokataza kujenga chochote kinachoweza kuzuia upepo bila idhini, alinishika mkono. "Mwanangu, nikitaka kumjengea kijana wangu nyumba hapa, nitamwomba nani ruhusa?" Majirani zake walikuwa wamezungumzia malipo tu. Swali lake ndilo lililofanya kifungu kile kibadilishwe, yakatengwa maeneo ya boma na ya nyumba za watoto. Kwa hiyo usisome ukitafuta pesa peke yake. Soma ukitafuta maneno yanayokunyima kitu.

Haraka ya kampuni ina sababu. Nguvu inayopatikana kwenye upepo haipandi sambamba na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Tofauti ndogo kati ya kilima chako na cha jirani inaweza kuamua mradi ujengwe au usijengwe, na takwimu za mwaka mzima au miwili kutoka kwenye ule mlingoti ndizo benki itakazodai kabla ya kutoa mkopo. Takwimu hizo ni mali. Andikisha kwamba kampuni ikiondoka bila kujenga, nakala yake inabaki kwako. Watakataa mwanzoni. Sisitiza.

Halafu kuna suala la muda, na hapa ndipo nimeona watu wakiumia kimyakimya. Umeme wa upepo Kenya umekua kweli: Ngong kuna megawati 25.5 za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, Kipeto 100, na Ziwa Turkana 310 kutoka mitambo 365. Lakini umeme wa miradi hii mikubwa una mnunuzi mmoja, Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini, na bila mkataba wa kumuuzia, mradi hausogei hata kama upepo unavuma kama wa Marsabit. Mwaka 2021 serikali iliunda jopokazi la kukagua mikataba ya ununuzi wa umeme, na miradi iliyokuwa ikingoja mikataba mipya ikazidi kungoja. Hata mradi uliokamilika unaweza kukwama: mitambo ya Ziwa Turkana ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikuwashwa hadi Septemba 2018. Wakati haya yote yanaendelea, shamba lako limefungwa. Kizuizi kinaweza kuandikishwa juu ya hati, na siku ukitaka kukopa benki au kuwagawia watoto, kitakuwa kinakusubiri ofisi ya ardhi.

Dai tarehe ya mwisho. Miaka mitatu inatosha kupima na kuamua. Wakitaka kuongezewa, walipe zaidi kila mwaka, na muda ukiisha haki yao ife yenyewe bila wewe kwenda mahakamani.

Kuhusu malipo, angalia sarafu. Kampuni binafsi nyingi zinaiuzia Kenya Power umeme kwa dola au yuro, kwa miaka 20. Mwenye shamba akipewa shilingi zile zile mwaka wa kwanza na wa kumi na tano, amepunjwa ingawa hakuna aliyevunja mkataba. Omba kodi ya kila ekari inayopanda kila mwaka, pamoja na asilimia ya mauzo ya umeme. Na usikubali kwamba alipwe tu yule mwenye mtambo kwake. Jirani anasikia mvumo ule ule, magari mazito yanapita kwake, na shamba lake limefungwa kama lako. Nimeona ndugu wa baba mmoja wakiacha kusalimiana kwa sababu mtambo ulisimama upande huu wa ua na si ule. Kaeni pamoja, mmwajiri wakili mmoja ambaye halipwi na kampuni.

Usitarajie pia kwamba mtambo ulio shambani utawasha taa nyumbani kwako. Umeme unakwenda kwenye kituo cha kupozea na kuingia gridi. Kuunganishiwa stima ni mazungumzo mengine, na yafanyike mapema, kabla hujatia sahihi.

Ardhi ikiwa ni ya jamii, mzigo ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka makubaliano ya uwekezaji yaidhinishwe na theluthi mbili ya wanachama watu wazima, kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili hiyo. Wazee watatu na chifu hawatoshi. Marsabit, ekari 150,000 zilitolewa kwa mradi ule wa Ziwa Turkana, wenyeji wakaenda mahakamani, na mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hati zilipatikana bila kufuata utaratibu, ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Kinangop nako mradi wa megawati 60.8 ulivunjika mwaka 2016 baada ya maandamano yaliyomwaga damu. Mimi naupenda umeme wa upepo na nataka miradi mingi zaidi ijengwe. Ndiyo maana mikutano ya kuburuzwa inaniuma: inamuumiza mwananchi, na mwishowe inaua hata mradi.

Vijana wasidanganywe kuhusu kazi. Wakati wa ujenzi zipo za kuchimba, kumwaga zege na kulinda, kisha nyingi zinaisha. Zinazobaki ni za mafundi waliosomea, walinzi, na Kipeto hata za kutazama ndege, kwa sababu tumbusi wa pale wako hatarini na mtambo husimamishwa wakikaribia. Badala ya ahadi ya ajira, andikisheni idadi ya wanafunzi watakaolipiwa masomo ya ufundi wa mitambo hiyo kila mwaka.

Mwisho kabisa, tafuta kifungu cha kung'oa mitambo mkataba ukiisha. Kiseme nani atalipa, pesa hizo zinawekwa akaunti gani tangu sasa, na zege litakatwa hadi kina gani chini ya udongo. Kama hakipo, usitie sahihi siku hiyo. Rudi nyumbani na nakala yako, nyingine mpe wakili, nyingine mpe mtoto anayesoma vizuri, na umwambie mkeo au mumeo kila kilichoandikwa, maana idhini yake nayo inahitajika.