Vitambaa kwenye visima vitakatifu vya Ireland

Ndugu uliyeuliza kama vitambaa vinavyofungwa mitini kando ya visima vitakatifu vya Ireland ni mapambo tu, sivyo. Mgonjwa hukichovya kitambaa katika maji, hukipitisha mahali panapouma, kisha hukifunga mtini, na huaminiwa kwamba kadiri kinavyooza ndivyo maradhi yanavyomwondoka. Kwa hiyo nakusihi usifunge kitu cha plastiki wala nailoni, kwa kuwa hakiozi na huukaba mti.

Ukipata nafasi ya kwenda mahali pamoja tu, nenda Liscannor, katika jimbo la Clare, kwenye kisima cha Mtakatifu Brigid, mtakatifu wa kike wa Ireland. Utapita katika ujia mwembamba wenye unyevunyevu, ambao kuta zake zimejaa rozari, sanamu, picha za marehemu na barua za maombi, hadi mwisho wake ambapo maji hutiririka taratibu. Sikukuu ya Brigid ni tarehe 1 Februari, siku ileile ya Imbolc, sherehe ya kale ya kuanza kwa majira ya kuchipua, na wengi huona kwamba mtakatifu huyu alirithi mengi kutoka kwa mungu wa kike mwenye jina hilohilo.

Waumini huzunguka kisima wakifuata mwelekeo wa jua huku wakisali. Sheria ya mwaka 1704 dhidi ya Wakatoliki iliwatoza waliokwenda visimani hivyo faini ya shilingi 10, na aliyeshindwa kulipa alichapwa viboko, lakini hawakuacha. Basi ukiwakuta katika mizunguko yao, tafadhali weka kamera chini na usubiri wamalize.