Neva Hailishwi kwa Kopo: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

*Mwanangu yuko darasa la saba. Nimnunulie unga wa protini ya ubongo unaouzwa kwenye makopo? (Mama, Chumbageni)*

Hapana. Swali hili limeshakuja mara nyingi, na jibu ni lilelile. Protini ukiimeza, tumbo na utumbo huivunja ikawa asidi za amino, yaani vipande vidogo vinavyoijenga. Haifiki ikiwa nzima kwenye sinapsi, yaani pale seli moja ya neva inapopokezana ujumbe na nyingine. Seli ya neva hujitengenezea yake yenyewe. Mpe dagaa na maharage, alale mapema, na hela ya kopo mnunulie madaftari.

*Kama protini hutengenezwa kwenye mwili wa seli, zinafikaje kwenye sinapsi iliyo mbali? (Mwanafunzi, Ngamiani)*

Sasa hili ndilo swali. Siku nyumbani wakinunua ngisi, omba umpasue wewe. Mkate kiwiliwili kwa urefu, utoe matumbo taratibu. Ndani, karibu na shingo, kila upande utaona kifundo chenye umbo la nyota, nyuzi zikitawanyika. Humo mna aksoni, yaani nyuzi ndefu zitokazo kwenye mwili wa seli ya neva, nene kuliko za kawaida, nyingine karibu milimita 1. Kwenye aksoni za namna hiyo, mwaka 1985, watafiti Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz waligundua kinesini, protini inayobeba mizigo juu ya vijibomba vilivyolazwa ndani ya aksoni. Hatua yake ni nanomita 8 tu (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), lakini mizigo ya haraka husafiri hadi milimita 400 kwa siku. Kutoka uti wa mgongo mpaka kidole cha mguu, karibu mita 1, ni siku mbili na nusu.

Ila mizigo mingine hujikokota milimita chache tu kwa siku, na seli moja huweza kuwa na sinapsi maelfu, kila moja na haja yake. Mwenye shughuli Ngamiani hapiki pilau Pongwe akalibeba. Hupeleka wapishi na masufuria, likapakuliwa palepale. Neva nayo hupeleka RNA-jumbe, yaani maelekezo ya mapishi, na ribosomu, vitu vidogo vya seli vinavyounda protini, ndio wapishi. Mwaka 1982 watafiti Oswald Steward na William Levy waliziona ribosomu hizo zimekusanyika chini ya sinapsi, kwenye dendriti, matawi ya seli yanayopokea ujumbe. Vitabu vinavyosema protini hutengenezwa kwenye mwili wa seli tu vinawapunja wanafunzi wetu.

*Seli za ubongo huzaliwa upya? (Muheza)*

Karibu zote ulizo nazo utazeeka nazo. Protini zake ndizo hubadilishwa, siku hadi siku.

*Panga lilinikata neva kwenye kifundo cha mkono, ikashonwa. Ganzi ya vidole itaisha lini? (Mkulima wa mkonge)*

Aksoni huota upya kama milimita 1 kwa siku. Mpaka ncha ya kidole, hesabu nusu mwaka au zaidi. Usiache mazoezi uliyopewa.

*Mbwa amemng'ata mtoto mguuni. Kidonda kimekauka, tunangoja tuone. (Baba, Pangani)*

Msingoje! Ile njia ya mizigo ndani ya aksoni ina mbebaji wa kurudi pia, protini iitwayo dainini, na virusi vya kichaa cha mbwa hudandia humo kupanda mpaka ubongoni. Sumu ya pepopunda nayo hupita huko. Kukauka kwa kidonda si dalili ya usalama, na dalili za kichaa zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Anayeng'atwa aoshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, bila kupakwa majivu wala mafuta ya taa. Huyo wako mwosheni hata sasa, kisha mpeleke hospitali leo akachanjwe, hata kama siku zimepita. Usisubiri jibu la pili kutoka kwangu.