Kona ya Fundi: CD zangu za taarab nazihamishaje kwenye laptopu wakati skrini siioni?

SWALI: Mwanangu fundi, habari za kazi. Mie macho yameniishia polepole, sasa hivi naona mwanga tu. Kijana wangu kaniwekea NVDA, ile programu inayonisomea skrini kwa sauti, kwenye laptopu na alhamdulillah nasoma meseji zangu mwenyewe. Nina kasha zima la CD, kuna Black Star, Lucky Star, na dansi kidogo la Atomic Jazz, mambo yetu ya Tanga ya zamani, nataka yakae kwenye fleshi nisikilize kwenye sabufa. Nikaweka CD kwenye ile draivu ya pembeni, nikakopi nyimbo zote nikapesti desktop, ikakopi chap chap nikafurahi. Natoa CD, nabonyeza wimbo, kimya. Fleshi kwenye sabufa, hola. Mjukuu anasema laptopu mbovu, jirani anasema hiyo NVDA ndo inazuia. Mkweli nani? – Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Wote wawili wamekosea, laptopu ni nzima na NVDA haina kosa. Ulichokopi siyo nyimbo. CD ya muziki haina mafaili kama fleshi, Philips na Sony walipoitoa sokoni mwaka 1982 waliitengenezea deki siyo kompyuta, ndani yake kuna sauti tupu imepangwa kuanzia katikati kwenda nje. Windows ikiikuta inakutengenezea vijifaili vinavyoishia na .cda, kila kimoja baiti 44 tu, kazi yake kuonyesha wimbo unaanzia wapi basi. Wimbo wenyewe wa dakika 4 kwenye CD unakula kama MB 40, kwa hiyo ikikopi haraka namna ile jua hujabeba kitu. Na hili unaweza kulikagua bila macho ya mtu: simama juu ya faili, bonyeza Alt na Enter, halafu tembea na Tab mpaka NVDA ikutajie ukubwa.

Sasa kazi yenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika windows media player, fungua. Kama laptopu ni ya Windows 11 zitatajwa mbili, chagua yenye neno Legacy, mimi naipendelea hiyo kwa sababu menyu zake ni za kizamani na kibodi inazifika vizuri. Kabla hujagusa CD bonyeza Alt na T, kisha O, utaingia kwenye "Options". Ctrl na Tab inakuhamisha ukurasa mmoja mmoja mpaka usikie "Rip Music", yaani kunyonya muziki. Hapo shuka na Tab hadi kwenye "Format", utaikuta inasema Windows Media Audio, yaani WMA, tumia mshale uchague MP3. Usiiruke hii mama, sabufa nyingi za mtaani hazitambui WMA na utarudi kuniambia hola tena. Endelea na Tab utakutana na ubora, ukisikia 128 ipandishe kwa mshale mpaka 192, inatosha kabisa kwa taarab, CD ya saa nzima itakula kama MB 85 tu na fleshi ya GB 8 itabeba CD 90 hivi. Wapo watakaokwambia weka 320, sawa, ila kwa sabufa ya sebuleni sijui utasikia tofauti gani.

Kwenye ukurasa huo huo kuna vitu viwili ambavyo kwa asiyeona ni dhahabu. Kimoja kinasema "Rip CD automatically", kingine "Eject CD after ripping". Vitie tiki vyote kwa spesi ba, kisha Enter. Kuanzia hapo huhitaji menyu tena, unaweka CD inajinyonya yenyewe, ikimaliza draivu inafunguka utasikia, unaweka nyingine, huku unapika zako. Nyimbo zinaingia kwenye folda la Music.

Kazi ngumu inakuja kwenye majina, na hapa watu wengi wanakata tamaa. Programu inatafuta jina la CD kwenye intaneti kwa kuangalia idadi ya nyimbo na urefu wake, sasa CD zetu nyingi za Ngamiani zilichomwa na vijana wa mtaani, huko hazipo, kwa hiyo utapata "Unknown artist" na "Track 1", "Track 2". Mara nyingine inabahatisha, usishangae Lucky Star wakapewa jina la bendi ya Kizungu. Kwa hiyo kabla ya kuweka kila CD jirekodi kwenye simu, "hii ya kwanza ni fulani, hii ya pili ni fulani", ufuate mpangilio huo huo. Baadaye unasikiliza wimbo, unasimama juu ya faili, F2, unaandika jina, Enter. Na kama ile sauti ya Kizungu inakuvurugia majina ya Kiswahili, sauti ya eSpeak inayokuja na NVDA ina Kiswahili, bonyeza kitufe cha NVDA (yaani Insert) na Ctrl na S uchague eSpeak, kisha kitufe cha NVDA na Ctrl na V, kwenye "Voice" chagua Kiswahili. Lafudhi yake siyo ya Tanga lakini utaelewa.

CD ikikwama katikati, pangusa na kitambaa laini cha pamba kutoka tunduni kwenda ukingoni, usizungushe.

SWALI: Fundi mambo, za kwangu zikiingia nakuta folda tu, hakuna hata hizo .cda. Mbovu? – Kijana, Chumbageni

JIBU: Poa. Sikiliza majina ya mafolda. Ukisikia MPEGAV hiyo ni VCD, zile za taarab ya video tulizokuwa tunanunua sana, ndani kuna faili linaanza na AVSEQ linaishia .DAT. Ifungue na programu ya VLC itapiga, na ukitaka sauti peke yake bonyeza Ctrl na R, chagua hilo faili kisha utoe MP3. Ila ukikuta mafaili yanaishia .mp3 moja kwa moja, hiyo ni CD ya data, wewe kopi pesti umemaliza, hakuna cha kunyonya.

SWALI: NVDA inaongea muda wote, maneno yake hayataingia ndani ya wimbo? – Mwalimu, Pongwe

JIBU: Hayaingii mwalimu. Hapa hurekodi kwa maiki, kompyuta inasoma namba zilizoko kwenye CD, hata ukipiga kelele chumba kizima haisikii. Ila siku utakayohamisha kaseti kwa waya ni habari nyingine, hapo unarekodi kweli, na kwenye baadhi ya kompyuta sauti ya NVDA inaweza kuingia humo. Siku hiyo bonyeza kitufe cha NVDA na S mpaka inyamaze, kaseti ikiisha bonyeza tena mpaka irudi.