Kwa mabinti mnaoanza kriketi, hasa nyie mnaotaka kurusha kwa kasi

Wadogo zangu, kila binti mpya akija kwenye neti za mazoezi huwa ananiuliza swali lile lile, dada nitafikaje timu ya taifa. Mi huwa naanza na habari za Jhulan Goswami wa India, maana nilikuwa mrushaji wa kasi na yeye ndo nilikuwa namfuatilia.

Jhulan kazaliwa 1982 Chakdaha, mji mdogo huko West Bengal. 1997 fainali ya Kombe la Dunia la wanawake ikachezwa Eden Gardens, Kolkata, Australia na New Zealand, na yeye akiwa na miaka 15 alikuwa pembeni anaokota mipira, akamuona Belinda Clark, nahodha wa Australia, na wenzie wanazunguka uwanja wakishangilia ubingwa, basi moyo ukaenda huko. Kwao hakukuwa na kocha wa maana, kwa hiyo alfajiri anadandia treni hadi Kolkata, anafanya mazoezi, anarudi, kesho tena.

Hapo kwenye treni ndo pa kuanzia. Nauli yako ya mwezi mzima ipange kabla hujawaza viatu. Mimi mwaka wangu wa pili daladala zilinichelewesha karibu kila Jumamosi, nafika wenzangu washapasha mwili, naogopa kuonekana mvivu naingia moja kwa moja kurusha mwili wa baridi, mgongo wa chini ukakaza nikakaa nje miezi minne. Ukichelewa, chelewa tu, zunguka uwanja kwanza hata kama kocha ananuna.

Sasa sikieni hesabu hii. Jhulan kacheza mechi za kimataifa za ova 50 (ova moja ni mipira sita) kuanzia Januari 2002 mpaka Septemba 2022, mechi 204, wiketi 255 (yani wapigaji aliowatoa), na alipostaafu hakukuwa na mwanamke mwingine aliyezifikisha. Gawanyeni. Ni wiketi moja na kidogo kwa mechi! Yani mtu aliyeongoza dunia nzima, siku nyingi alirudi nyumbani na moja, au hana kabisa, halafu wewe unalia kwenye begi sababu mechi yako ya tatu umetoka kapa. Siku kubwa zipo, kama Taunton, Uingereza, 2006 alipochukua wiketi 10 kwa mikimbio 78 (yani pointi walizompata wapigaji), India wakawafunga Uingereza kwao kwenye mechi ya Test, ile ndefu ya siku kadhaa, ila ni za kuhesabu.

Kwa hiyo mazoezi yetu ni haya: tandika leso kwenye pichi, ile njia ya katikati ya uwanja, pale mpira unapotakiwa kudunda, shika mpira kidole cha shahada na cha kati vimekaa huku na huku ya mshono, gumba chini, rusha mipira 24, andika kwenye daftari mingapi imegusa leso. Mimi wiki ya kwanza nilipata miwili. Usiongeze kasi mpaka ufike nane au tisa, na ukichoka acha, mgongo hauna spea.

Na shule msiache, nawaomba. India walitangaza wanawake kulipwa posho ya mechi sawa na wanaume Oktoba 2022, mwezi mmoja baada ya Jhulan kustaafu, miaka 20 yote ile! Kombe la Dunia nalo hakulipata akiwa mchezaji, fainali ya 2017 alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 23 tu na bado wakapoteza kwa mikimbio 9. Novemba 2025 wadogo zake walipolibeba pale Navi Mumbai walimpelekea alishike, akalia, na mimi huku nililia jamani.

Njia kwetu ipo, Tanzania tulibeba kombe la mashindano ya wanawake ya Kwibuka kule Kigali 2022, mabinti wa Rwanda wa chini ya miaka 19 waliwafunga West Indies 2023.

La mwisho kwa leo. Mechi ya kumuaga Jhulan pale uwanja wa Lord's, London, Uingereza wanahitaji mikimbio 17, wiketi imebaki moja, Charlie Dean, mpigaji wao aliyesimama upande wa mrushaji, akatoka kwenye mstari kabla mpira haujarushwa, Deepti Sharma, mrushaji wa India, akageuka akavunja vijiti, mechi ikaisha hapo hapo. Watu walibishana sana, ila sheria ndo ilivyo. Ukiwa mpigaji uliyesimama upande wa mrushaji, bati lako libaki nyuma ya mstari na macho yako yawe kwenye mkono wake mpaka mpira utoke. Jumamosi tutafanya hilo zoezi saa moja asubuhi, njooni na kofia na maji.