Gazi gani ya kusukuma bia mu fut

Ndugu uliyeuliza kama upepo ya komprese inaweza sukuma bia yako ya nyumbani mu fut (pipa ya chuma ya bia): hapana kabisa. Ile upepo iko na oksijeni, siku kidogo tu bia inaanza sikilika sawa karto yenye kulowana.

Tafuta CO2, njo bia nyingi zinaomba, unaweka detandere (kile kifaa ya kupunguza nguvu ya gazi yenye kutoka mu butey) ku bar 0,8 hivi kama fut iko mu frigo ku digri 4. Kama iko inje, digri 20, itaomba karibu bar 2 na mpira murefu, bila ivyo utapata mapovu tupu mu glasi. Azoti peke yake itasukuma lakini bia itabakia bila gazi ndani, ile ni ya bia nyeusi za stout na ata pale banachanganya azoti 75 na CO2 25 ku mia, na robine yake ni ingine. Butey ya basuderi uliza mbele juu zingine ziko na argoni, omba CO2 ya chakula.

Na sisi ba Goma tunajua mazuku, ile gazi ya kuua yenye kutoka mu udongo, ni CO2 ile ile, inalalaka chini, basi butey usiiweke mu chumba ya kufungwa yenye watoto banalala.