Mtoto anatazama upande mmoja tu na kisogo kimekuwa bapa: anza na shingo

SWALI: Mwanangu wa kiume ana wiki 10. Tangu alipokuwa na wiki tatu hivi naona anatazama kulia tu, na kichwa kinainamia bega la kushoto. Sasa kisogo chake upande wa kulia kimekuwa bapa. Bibi yake anakikanda kila asubuhi kwa kitambaa cha maji ya moto. Nesi kaniambia kitajirudi chenyewe. Rafiki yangu kanitumia picha ya mto wenye shimo katikati unaouzwa mtandaoni, na mwingine ananishauri nimlaze kifudifudi usiku. Nifuate lipi? – Mama wa Morogoro

JIBU: Hongera kwa mtoto, mama, na umefanya vizuri kuuliza mapema. Kila mtu hapo nyumbani anashughulikia kichwa, lakini kwa maelezo yako, inaelekea tatizo limeanzia shingoni. Kisogo kimekuwa bapa kwa sababu mtoto hawezi kugeuka vizuri, kwa hiyo analalia palepale mchana na usiku. Shingo ikilegea, kichwa nacho kitapata nafasi ya kujirekebisha.

Kila upande wa shingo una msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio na kushuka hadi kwenye mtulinga na mfupa wa kifua. Ukikaza wa kushoto, kichwa huinamia kushoto na kidevu huelekea kulia, kama unavyoeleza. Kitaalamu huitwa tortikolisi ya kuzaliwa. Huonekana zaidi kwa watoto waliobanwa tumboni, waliotanguliza matako, au waliozaliwa kwa kuvutwa. Hukukosea kumbeba wala kumlaza. Pitisha kidole taratibu kwenye msuli huo wa kushoto: wakati mwingine huwa na kivimbe kigumu kama punje ya haragwe. Kivimbe cha aina hiyo ndani ya msuli mara nyingi huyeyuka chenyewe ndani ya miezi michache, ila mwonyeshe daktari.

Kabla ya mazoezi, mtoto apimwe. Si kila shingo iliyopinda ni msuli. Nyingine hutokana na mifupa ya shingo, na nyingine na macho, pale mtoto anapoinamisha kichwa ili aone vizuri. Na si kila kichwa bapa ni cha kulalia. Mkalishe mapajani na umtazame kutoka juu, utosini. Kichwa kilichobonyea kwa kulalia husukuma sikio la upande ulio bapa kwenda mbele, na paji la uso la upande huohuo hutokeza kidogo. Kama sikio hilo limerudi nyuma, au unapapasa ukingo mgumu wa mfupa kwenye maungio ya fuvu, huenda maungio yamefunga kabla ya wakati, na hilo ni la daktari wa upasuaji wa ubongo. Omba pia wakague nyonga, maana watoto wenye shingo hii wana uwezekano mkubwa kuliko wengine wa kuwa na nyonga isiyokaa vizuri kwenye tundu lake. Kama ana homa, anatapika sana, utosi umevimba, au shingo ilipinda ghafla, mpeleke hospitali leo hii.

Sasa mazoezi. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akuonyeshe kwa mkono wake mara ya kwanza, kisha uyafanye nyumbani kila unapombadilisha nepi. Mtoto amelala chali. Kiganja kimoja kinatuliza bega la kulia lisinyanyuke. Kingine kinalala kwenye shavu la kulia na kumgeuza uso polepole kuelekea bega la kushoto. Ukifika mahali panapokaza, tulia hapo sekunde 10 hadi 30 huku ukimwimbia, halafu mwachie. La pili: tuliza bega la kushoto, kisha inamisha kichwa ili sikio la kulia lisogelee bega la kulia. Hapa ni kuvuta taratibu, si kulazimisha. Akilia kwa uchungu, akikaza mwili wote au akibadilika rangi, acha.

Mbebe pia kwa ubavu: mgongo wake kifuani kwako, anatazama mbele, ubavu wa kushoto uko chini. Mkono wako wa kushoto unapita kati ya sikio lake la kushoto na bega, ukiinua kichwa kidogo. Wa kulia unapita katikati ya miguu kumshika. Ukizunguka hivyo nyumba nzima, msuli unanyooka bila yeye kujua kuwa ni mazoezi.

Lakini linalobadilisha zaidi ni mpangilio wa siku nzima, na wengi hawaambiwi. Mtoto hugeukia alipo mama, mlango na mwanga. Kama kitanda kimegusa ukuta na wewe unalala kuliani kwake, usiku kucha anatazama kulia. Mgeuze: kichwa kielekee ilikokuwa miguu. Ukuta utakuwa kuliani, nawe kushotoni. Akinyonya titi moja vizuri na kulikataa jingine, usidhani halimtoshi. Huenda shingo inamkatalia kugeuka, kwa hiyo jaribu kumshika chini ya kwapa lako kwa titi hilo. Kwenye mbeleko, kwa umri wake ni salama zaidi umfunge kifuani, uso na pua viwe wazi, shavu la kulia likilalia kifua chako ili macho yaelekee kushoto. Kila dakika anayobebwa ni dakika ambayo kisogo hakigusi godoro, na hapo mbeleko zetu zina faida kubwa kuliko viti vya plastiki vya kumwegemeza mtoto.

Kulala kifudifudi ni kwa mchana, akiwa macho, na wewe ukiwa hapo. Anza na dakika mbili tatu kifuani kwako au kwenye mkeka, mara nyingi kwa siku. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linapendekeza jumla ya angalau dakika 30 kwa siku kwa mtoto ambaye bado hatambai. Usiku, mlaze chali, siku zote. Tangu madaktari wa watoto Marekani walipoanza kushauri hivyo mwaka 1992, vifo vya ghafla vya watoto usingizini nchini humo vimepungua kwa zaidi ya nusu. Visogo bapa viliongezeka, ni kweli, lakini kisogo bapa kinarekebishika.

Mto ule usinunue. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wazazi wasitumie mito ya kutengeneza kichwa, kwa sababu ya hatari ya mtoto kukosa hewa, na haijathibitishwa kuwa inasaidia. Na kwa heshima zote kwa bibi, kukandamiza fuvu hakuondoi chanzo, na maji ya moto yanaweza kumuunguza. Simwondoi bibi kwenye malezi, nampa kazi ambayo hakuna atakayeiweza kama yeye: akae kushotoni kwa mjukuu, aongee naye, acheke naye, mpaka ageuke mwenyewe. Kugeuka kwa hiari yake kunafaa kuliko kugeuzwa.

Kuhusu kofia ngumu za kurekebisha kichwa, ambazo huku si rahisi kuzipata, usijione umenyimwa kitu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia watoto 84: waliovishwa kofia na wasiovishwa walikaribiana walipofika miaka miwili. Watoto wenye shingo iliyokaza hawakuwemo, na ndiyo maana nasisitiza shingo yake ishughulikiwe kwanza.

Alichosema nesi kina ukweli nusu. Kichwa hukua haraka sana mwaka wa kwanza, kutoka takriban sentimita 35 hadi karibu 46, na ukuaji huo ndio unaojaza sehemu iliyobonyea. Ubapa wa kulalia haubani ubongo. Lakini msuli uliokaza haufai kusubiriwa: watoto wanaoanza mazoezi kabla ya miezi mitatu hupona haraka zaidi kuliko wanaoanza baada ya miezi sita, na wachache sana hufikia upasuaji. Mpige picha kutoka juu kila wiki mbili, mahali palepale, ili uone maendeleo ambayo macho ya kila siku hayaoni.

Chanjo yake inayofuata ni ya wiki ya 14. Usiisubiri. Nenda wiki hii na kadi ya kliniki, omba rufaa ya fiziotherapia kwenye hospitali ya mkoa, na waambie waziwazi: shingo, macho, nyonga na fuvu, vyote vikaguliwe siku hiyohiyo.